Nilivyoupogolea Mzabibu wa Jirani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nasema hivyo bila maringo, ingawa mke wangu anadai maringo ndiyo mtaji pekee niliokuja nao Marekani. Shule niliishia darasa la saba, vijijini Dodoma, na leo nina malori ya kuhamisha watu, yanalala Grand Prairie kwenye kiwanja changu mwenyewe, si cha kupanga. Na kazi ya kuhamisha watu haikufichi kitu. Nimeshusha piano kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu. Nimewahamisha mume na mke siku moja, kila mmoja na lori lake na njia yake, na kila mmoja akanivuta pembeni akitaka nimpitishie kochi la mwenzake. Nimekuta majivu ya marehemu ndani ya kopo la biskuti juu ya friji, ukoo mzima umeyasahau. Mtu aliyeona hayo, ukimletea habari za dhiki za watu wengine, anakuitikia tu huku anafunga masanduku yake kwa utepe wa gundi. Ndivyo nilivyokuwa mimi mpaka nilipopata jirani.

Tulihamia Euless miaka mingi kidogo iliyopita. Mke wangu ni muuguzi na hospitali yake haiko mbali, na ndege zinashuka juu ya paa letu chini kiasi kwamba watoto walipokuwa wadogo walikuwa wakizipungia mkono. Upande wa kulia wa fensi aliishi mzee mmoja mgane, fundi viatu mstaafu, Mwarmenia aliyezaliwa Beirut. Mimi wakati ule Armenia sikujua kama ni nchi au ni dawa.

Siku ya kwanza kumwona alikuwa juu ya ngazi, Julai, jua la Texas linachoma kama pasi, anafunika mti kwa chandarua. Nikasogea fensini. Mzabibu! Mtu wa Dodoma ukimwonyesha mzabibu ugenini ni kama umemkutanisha na shangazi yake. Mimi nimekulia kwenye zabibu. Kabla sijaota ndevu nilikuwa kibarua wa mashamba ya zabibu, na mkasi wa kupogolea niliushika kabla ya kalamu kunizoea.

"Mzee," nikamwambia, "hizo zimeiva tangu wiki iliyopita." Kiingereza changu ni cha kazini na chake kilikuwa cha kwake mwenyewe, lakini tulielewana. Hapa nayaweka maneno yetu kwa Kiswahili.

"Najua."

"Sasa mbona hukati?"

"Hazijabarikiwa."

"Na nani?"

"Padre. Jumapili ya katikati ya Agosti. Kabla ya hapo sisi Waarmenia hatuli zabibu mpya."

"Lakini huku zinaiva Julai."

"Kalenda ya kanisa haikuandikwa kwa ajili ya Texas," akasema, na kuvuta chandarua.

"Na ndege je?"

"Ndege wa hapa ni Wabaptisti. Hawasubiri mtu."

Nilicheka mpaka nikashika fensi. Alipogeuka kuhamisha ngazi nikachuma moja iliyoning'inia upande wangu, nikatia mdomoni. Ilikuwa nyeusi, ganda gumu, tamu ya kukwaruza koo.

"Umekula?" akauliza bila kugeuka.

"Moja tu, mzee."

"Basi mwaka huu utabarikiwa wewe. Jumapili ya Agosti uvae shati safi."

Nikadhani anatania. Jumapili ile alinigongea mlango saa mbili asubuhi, suti, tai, sanduku la zabibu mkononi. Nikaenda. Padre alizibariki, watu wakagawana wakiwa wamesimama, na mzee akanitambulisha kwa kila mtu kama jirani yake mwizi.

Hapo urafiki ukaanza. Nilimfundisha kuitikia "marahaba", na kila asubuhi nilipopita na lori nilimpigia "Shikamoo mzee!" naye anajibu kwa sauti hiyo mtaa mzima unageuka. Alinikaribisha kahawa kwenye vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa. Tulikuwa tunatambiana. Yeye alikuwa amerekebisha buti za matajiri wa mafuta na za wachungaji wa Fort Worth zaidi ya miaka thelathini, na aliapa kuwa alimjua mtu kwa kisigino chake. Mimi nikamwambia mtu namjua kwa stoo yake. Alikuwa akiniita bosi. Aliisema kwa kunidhihaki, na mimi niliipokea hivyo hivyo kama sifa.

Mwaka mmoja, Aprili tarehe ishirini na nne, nilimkuta uani kwake asubuhi amevaa suti nyeusi. Alikuwa amewasha mshumaa chini ya shina la mzabibu.

"Pole, mzee. Nani amefariki?"

"Kaa," akasema, akanisogezea kiti cha plastiki.

Siku hiyo Waarmenia wanawakumbuka wafu wao. Bibi yake, mama wa mama yake, alikuwa na miaka tisa mwaka 1915, wakati dola ya Waturuki ilipoamua kwamba Waarmenia wasiwepo tena. Waliishi kijiji cha milimani, watu wa mizabibu na mitini. Wanaume waliitwa uwanjani, wakafungwa kamba, wakapelekwa bondeni, na hakuna aliyerudi. Wanawake na watoto wakaambiwa wafunge mizigo, wanahamishwa. Neno hilo mzee alilisema polepole huku ananiangalia, na mimi nikatazama lori langu lililosimama nje. Walihamishwa kwa miguu, kusini, mpaka jangwa la Siria.

Yule bibi, mtoto wakati ule, mama yake alimjazia mfuko wa gauni zabibu kavu. Akamwambia ale moja kwa siku, na asimpe mtu yeyote, hata yeye mama akiomba. Baada ya siku nyingi za njia mama aliomba. Mtoto akakataa, kama alivyoagizwa. Kesho yake mama hakuamka.

Mzee alinisimulia hayo bila kutikisika. Alisema bibi mwenyewe aliyatamka mara moja tu maishani, wakiwa Beirut, anachambua majani ya mzabibu ya kufungia wali na nyama, na alipomaliza akamtuma mjukuu dukani akanunue ndimu.

Zabibu mtoto alizila, mbegu akaziweka kwenye upindo wa gauni. Katika nyumba yao nzima waliofika Aleppo ni yeye na mbegu hizo. Walimpokea kwenye nyumba ya yatima. Mwalimu wao hakuwa na daftari wala ubao, kwa hiyo aliwafundisha herufi za Kiarmenia kwa kidole mchangani, herufi ambazo hakuna taifa lingine linazitumia, na jioni upepo ukizifuta, asubuhi wanaanza tena. Mbegu alizipanda kwenye kopo. Ikaota moja. Alipoolewa akahamia Beirut na vijiti vya kupanda alivyokata kwenye mzabibu ule. Na Beirut ilipowaka moto wa vita, mjukuu wake fundi viatu akaja Texas na vijiti viwili, amevifunga gazeti bichi, amevisukuma ndani ya buti.

"Forodhani hawakuona?"

"Walikagua buti. Wakasifu ushonaji."

Mimi siwezi kukaa kimya mahali penye zabibu. Nikamwambia, "Mzee, mzabibu wa mbegu haufanani na mama yake. Hilo nalijua, usibishane na mimi."

"Na wewe unafanana na mama yako?"

"Kidogo."

"Basi inatosha."

Nikaona nisishindwe. Nikamsimulia ya kwetu. Ilikuwa vita ileile, miaka ileile. Kule Ugogo Wajerumani walichukua ng'ombe, mtama, na wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Wakaja Waingereza wakachukua kilichobaki. Mvua nayo ikakataa. Njaa ile wazee wetu waliiita Mtunya. Bibi yangu alikuwa msichana mdogo. Walichemsha ngozi za kulalia wakanywa mchuzi wake. Nilisema hayo kwa kifua mbele, kama mtu anayeweka kadi yake nzuri mezani.

"Kwao walikuwa wangapi?" mzee akauliza.

"Sijui."

"Majina ya waliokufa?"

"Sijui, mzee."

"Hukumuuliza bibi?"

"Alisema mara moja, nikiwa namsaidia kutwanga. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na mpira uwanjani."

Hakuninanga kwa hilo, na kuninanga alikuwa anakuweza sana. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na mshumaa wa pili, akausimamisha kando ya ule wa kwanza. "Hawa," akasema, "tutawaita watu wa Dodoma." Tangu siku hiyo kila Aprili iliwaka mishumaa miwili. Mimi, mtu wa malori, nilianza kuiwekea tarehe ile alama kwenye kalenda ya ofisini, na madereva wangu wakajua asubuhi hiyo bosi hapokei simu.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mwaka ule wa barakoa, padre alibariki zabibu kwenye maegesho ya kanisa, watu wamekaa ndani ya magari, vioo vimeshushwa nusu. Siku chache baadaye mzee akapanda ngazi kuondoa chandarua, akateleza, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, binti yake, mtoto wake wa pekee, akaja kutoka Houston kumchukua akamuuguze. Nilimbeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari, mwepesi kama kiti cha plastiki. Akanishika mkono dirishani.

"Bosi. Maji tu. Mzabibu ukiwa umelala, Januari, nitakuja mwenyewe kukata vijiti, tuvipande kwa binti yangu. Amenunua nyumba yenye ua. Unanielewa? Wa Aleppo uliangukiwa na ukuta kwenye vita hii ya juzi. Wa Beirut wamejengea maghorofa. Umebaki huu."

"Mzee, unamwambia mtu wa Dodoma habari za mzabibu?"

"Maji tu," akasema tena.

Wasiojua zabibu niwaeleze. Kwetu Dodoma mzabibu haulali, hakuna baridi ya kuulaza. Ukishavuna unaupogolea mpaka jirani anakuonea huruma, unabaki na kigogo na vijiti vifupi kama vidole, unamwagilia, nao unachipua upya, na ndani ya mwaka huohuo unavuna mara ya pili. Hiyo ndiyo akili yetu, na imesomesha watoto wa watu. Mimi nikawaza: mzee yuko Houston amelala chali, Krismasi ya Waarmenia ni tarehe sita Januari, nikiupogolea sasa nitamtokea siku hiyo na sanduku la zabibu mbichi. Nilikwisha kuiona sura yake. Niliona hata nitakavyosimama mlangoni.

Mke wangu alinikuta na mkasi. "Mzee si alisema maji tu?"

"Wewe wa Moshi, unajua kahawa. Zabibu niachie."

"Haya, bwana shamba."

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Nilifanya kazi saa tatu, kwa mkono wangu, sikumwita mtu, na nisiseme uongo, nilifurahi kama kijana. Kila mkato niliukata pale pale nilipofundishwa. Matawi yakajaa mifuko kumi na moja. Jumanne gari la takataka likaibeba.

Oktoba mzabibu ulikuwa kijani kama harusi. Nikapiga picha, nikamtumia binti. Hazikupita dakika tano simu ikalia, mzee mwenyewe.

"Bosi. Hii picha ya lini?"

"Ya leo, mzee! Umeona machipukizi? Subiri sasa, subiri tu."

"Uliukata lini?"

"Mwanzo wa Septemba. Kidodoma."

"Vijiti viko wapi?"

"Vijiti gani?"

"Ulivyokata."

"Nilitupa, mzee."

Nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake televisheni ya binti inaongea peke yake. Heri angenitukana. Nimetukanwa na wateja wa kila lugha, nikaenda zangu kula. Yeye akasema kwa upole, "Sikiliza. Mzabibu ulikuwa unajiandaa kulala, wewe umeuamsha. Akiba yake yote imeingia kwenye majani hayo, na baridi inakuja. Usiguse kitu tena. Ufunike."

"Nitaufunika, mzee."

"Mimi sikukueleza vizuri," akasema. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nikaufunika. Nina mablanketi ya kufungia samani, mazito, zaidi ya mia, na nikaufunga kama kabati la mteja tajiri. Novemba baridi ya kwanza ikayafanya majani meusi ndani ya mablanketi. Januari mzee hakuweza kuja, nyonga haikuunga, na hata angekuja, vijiti vilivyokuwepo vilikuwa laini na vimeoza. Akaniambia tusubiri, shina zee lina mambo yake.

Halafu Februari ikaja ile baridi ambayo kila mtu aliyekuwa Texas anaikumbuka, umeme ukakatika jimbo zima na theluji ikalala barabarani siku kwa siku. Mke wangu alikuwa amekwama hospitali. Asubuhi ya pili watoto wakanikimbilia wakipiga kelele kwa Kiingereza chao kwamba dari la sebule linashuka. Mabomba yamepasuka. Mimi wakati huo nilikuwa uani kwa mzee, na jenereta niliyoitoa Grand Prairie, na hita mbili zimeelekezwa kwenye kigogo. Niliwaambia watoto wafunge maji kwenye mita, watandaze mataulo. Nikabaki pale. Baba mwenye akili angekwenda kwake, najua. Siku ya tatu petroli ikaisha na vituo havikuwa nayo, jenereta ikanyamaza, na kabla ya saa sita mchana nikasikia shina linapasuka, kavu, kama mtu anayevunja muwa gotini. Lilipasuka kutoka juu hadi chini. Niliingiza vidole vyangu kwenye ufa.

Machi mizabibu ya watu yote ikachipua. Mzee akawa ananipigia kila asubuhi.

"Kuna kitu?"

"Bado, mzee."

"Sawa. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Tarehe ishirini na nne Aprili niliwasha mishumaa mwenyewe, wa kwao na wa kwetu, mbele ya kigogo kilichopasuka. Jioni ile nikafanya jambo la aibu. Nilikwenda duka la miche, nikanunua mzabibu mweusi kwenye chungu, nikabandua karatasi ya duka, nikaosha gundi yake kwa mafuta ya taa. Kesho yake nikashika barabara ya Houston. Mwendo wa saa nne, na saa zote nne nilikuwa ninafanya mazoezi ya uongo: mzee, umechipua pembeni ya shina, nimeung'oa na mizizi yake nikakuletea.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kibarazani kwa binti yake, amepungua mpaka kola ya shati imemzunguka kama ndoo. Nikaweka chungu mapajani mwake. Nikasema maneno yangu. Binti akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee akachukua jani moja, akaligeuza, akalipitisha kidole gumba upande wa chini, polepole, kama alivyokuwa akipapasa ngozi ya kiatu.

"Bei gani?" akauliza.

"Nini, mzee?"

"Huu. Wamekuuzia bei gani?"

"Dola kumi na tisa."

"Wamekuibia. Jani lina manyoya chini. La kwetu ni laini, ndiyo maana tunalifungia wali."

Mtu wa miaka hamsini na mbili, nililia mbele ya mwanamke nisiyemzoea. Nikamwambia, "Mzee, nimeuua. Serikali nzima yenye jeshi ilishindwa kuumaliza, jangwa likashindwa, mimi nimeumaliza kwa mkasi."

Binti aliingia ndani. Mzee alikizungusha chungu mapajani. Aliangalia barabara, magari yanapita. Kisha akanipigapiga goti.

"Ule wa Aleppo," akasema, "bibi aliniambia, mwaka mmoja uliuawa na baridi hivi hivi. Shina likapasuka. Miaka miwili haukutoa jani. Watu wakamwambia ang'oe apande bamia. Hakung'oa. Wa tatu ukachipua kutoka chini."

"Kweli, mzee?"

"Miaka miwili, bosi. Mtu asiuguse. Maji tu."

Nilirudi Euless nimebadilika. Nilikuwa na kazi ya kufanya, na mimi nikiwa na kazi sina shida.

Alifariki Juni. Tulimzika Houston. Baada ya maziko kuna chakula, wanakula pamoja kumwombea, na nilikaa pembeni nikidhani wote wanajua nilichofanya. Walikuwa wanajua. Mama mmoja mkongwe alinijia na sahani, akaniwekea nyama, akaniwekea wali uliofungwa kwenye majani, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza.

Julai binti aliiweka nyumba sokoni. Hakuwa na jinsi; matibabu yalikuwa yamemkamua. Dalali akaleta wateja wiki ya kwanza, mume na mke wazuri tu, wana mbwa. Nilisikia kutoka upande wangu wa fensi: bwawa la kuogelea litakaa pale, na yule mke akanyoosha mkono kwenye kigogo, tena ardhi yake laini, imemwagiliwa.

Niliingia ndani nikamwambia mke wangu nanunua.

"Unanunua nini?"

"Nyumba ya mzee."

"Nyumba nzima kwa ajili ya kisiki?"

"Alisema miaka miwili."

Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wake wanaokataa dawa. Dari la sebule yetu lilikuwa bado na viraka. "Uza malori," akasema mwisho. "Pesa ya chuo ya watoto usiguse." Nikauza malori manne kati ya saba, na kiwanja cha Grand Prairie nikakiweka rehani.

Nitawaambia kabisa, maana najua mnasubiri. Haukuchipua. Miaka miwili imepita na mingine juu yake. Mwaka jana nilifukua kwa mikono, mzizi ukakatika kama mhogo mkavu, nikarudishia udongo, na kesho yake nikamwagilia. Mzabibu wa duka uko Houston kwa binti, umepanda mpaka kibarazani na unazaa. Anaufunika chandarua Julai, anasubiri Agosti. Majani yake hayafai kwa kufungia. Anayafungia hivyo hivyo, anasema ukila macho umefumba huyasikii manyoya.

Siku ya kusaini hati tulikaa ofisini, mimi na binti, na karani wa hati kati yetu na rundo la karatasi. Karani alipokwenda kutoa nakala, binti akaniuliza, "Niambie ukweli. Una nyumba yako hapo hapo jirani. Ya pili ya nini?"

Nikamweleza. Ule wa Aleppo, shina lililopasuka, miaka miwili bila jani, watu na bamia zao, kisha ukachipua kutoka chini.

Akaweka kalamu mezani. "Baba alikuambia hivyo?"

"Kibarazani kwako. Siku ile uliyoingia ndani."

Kisha akasema, taratibu, "Hadithi za yule bibi nimelelewa nazo. Nimezisikia zote, nyingine mara mia. Hiyo sijawahi kuisikia."

Nikamwangalia. Hakuwa anatania, alikuwa na macho ya baba yake.

"Bado hujasaini," akasema. "Ukitaka kuacha, sitakulaumu. Wale wa bwawa bado wanapiga simu."

Karani akarudi, akanigeuzia rundo, akanionyesha kwa kucha mahali pa kuweka jina. Nikaweka, nikijua sasa kwamba mzee aliitunga kwa ajili yangu. Kurasa ni nyingi, mkono unauma, na sikuruka hata moja. Kwenye ukurasa wa mwisho ilikuwa imeandikwa jumla, nyumba, ushuru na ada zote: dola laki mbili na themanini na tatu elfu, mia sita kumi na mbili, na senti arobaini.